Baba Mkwe Mlangoni

Wifi yangu Atupele alimsalimia baba mkwe wake uso kwa uso, mchana kweupe, mbele ya wanawake wote wa kikundi chetu pale Kisondela. Kisha akamtwika kreti la maparachichi na kumwambia alipeleke kwenye mizani, na asiburute miguu.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanalopenda kulisimulia, na wanalisimulia vibaya. Wengine wanasema alikuwa amelewa. Wengine wanasema alifanya kusudi, eti cheo cha kikundi kimempa kiburi. Mimi nilikuwa pale, nimesimama upande wa pili wa meza, na yule mzee ni baba yangu mzazi. Kama kuna mtu wa kulisimulia, ni mimi Prisca.

Kwa asiye wa huku, nieleze kidogo. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkamwana akimwona mzee anakuja njiani, anaingia kwenye migomba na kugeuza mgongo mpaka apite. Hamtaji jina, hampi kitu mkononi, hakai naye chumba kimoja hata kama nje inanyesha mvua ya mawe. Mjini Tukuyu siku hizi mambo yamelegea, utakuta mtu na mkwewe wanakunywa chai meza moja, lakini nyumba ya baba, Mzee Amoni, haijalegea hata kidogo. Tangu kaka yangu Lugano amwoe Atupele, baba na mkamwana wake wameishi kiwanja kimoja bila kutazamana machoni. Baba alikuwa akimsifia kwa majirani huku akijua kabisa kwamba mwenyewe yuko nyuma ya ukuta wa jiko anasikia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Sasa mtu wa heshima kiasi hicho alifikaje mahali pa kumtwika mzee kreti?

Ni kazi. Kazi aliyoifanya saa nyingi mno mpaka akili ikamwaga kila kitu ilichokuwa imebeba.

Miaka yote tulikuwa tunauza maparachichi yetu kwa madalali wanaokuja na pikapu. Wanachagua wao, wanapanga bei wao, na yanayobaki unawapa nguruwe. Ndipo Atupele akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi wanawake tuungane, tujenge banda letu, tupange matunda wenyewe na kuuza moja kwa moja kwa wanaosafirisha nje. Kuna waliong'oa migomba ya mama zao kupanda miche kwa sababu ya maneno yake. Kwa hiyo kampuni moja ilipokubali kutujaribu, jina lililokuwa mezani halikuwa la kikundi. Lilikuwa lake.

Masharti yalikuwa haya: matunda ya ukubwa mmoja, yasiwe na michubuko, na kila tunda libaki na kikonyo chake kifupi pale juu. Kikonyo kikitoka kinaacha kitundu, na tunda linaanza kuozea hapo kabla halijafika kwa mlaji. Tulipewa mizigo miwili ya majaribio. Tukifaulu, tunapata mkataba. Tukishindwa yote miwili, wanakwenda kwingine na sisi tunarudi kwa wenye pikapu, vichwa chini.

Atupele akawa msimamizi wa banda, na usingizi akauaga. Aliondoka nyumbani giza halijapasuka na kurudi watoto wamelala. Nikimwambia apumzike, jibu lake lilikuwa moja: atalala msimu ukiisha. Sisi nasi tukajikokota nyuma yake mpaka taa za sola zinafifia, kwa sababu nani atatangulia kuondoka msimamizi akiwa bado amesimama?

Vituko vilianza polepole. Alitia chumvi kwenye chai ya watu wote. Alimwita mwanawe Lusungu kwa jina langu. Siku moja alitafuta simu yake banda zima, ikaja kuita chini ya kreti lililokwisha kupangwa na kufunikwa. Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana wifi ni mtu wa kutaniwa. Baadaye ikawa si ya kuchekesha. Nilikuwa namwambia jambo asubuhi, mchana ananiuliza kwa nini sijamwambia. Alilia kwa sababu ya kalamu iliyopotea, na kalamu yenyewe ilikuwa kwenye nywele zake.

Nilimburuta mpaka zahanati. Muuguzi Neema alimpima kila kinachopimika, akavua glavu.

"Huyu hana malaria," alisema. "Presha yake ni nzuri, damu anayo. Ana usingizi."

"Usingizi nao ni ugonjwa?" Atupele aliuliza, amechukia.

"Ukiunyima ubongo, unakuwa. Mama Lusungu, ubongo unasafishwa na kupangwa ukiwa umelala, kama mnavyopanga matunda yenu. Usipolala, taka inabaki humo humo. Unasahau, unakasirika ovyo, unaangalia kitu na hukioni. Na ubaya wake ni huu: chombo cha kukuonyesha kwamba umekosea ni ubongo huo huo uliochoka. Ndiyo maana mtu wa hivyo ukimuuliza hali, atakwambia yuko sawa."

"Mimi niko sawa," alisema Atupele.

Neema alinitazama, nikatazama dari.

Mzigo wa kwanza ulirudi. Haukurudi wote, lakini kilichorudi kilitosha kutuaibisha: vikonyo vimetoka, ngozi zimechubuka, na kila kreti lina mhuri wa Atupele uliosema limekaguliwa. Kikao kilikaa palepale bandani. Nilitegemea sasa atakubali kwamba tumechoka. Nilijidanganya.

"Tuongeze saa," alisema. "Hatukukagua vya kutosha."

Sauda akamuunga mkono kabla hajamaliza. Sauda ana duka la vitenge Tukuyu na shamba Kisondela, na ulimi wake haujawahi kulala hata kama yeye mwenyewe amelala. "Anayetaka kulala akalale kwa mumewe," alisema. "Mkataba haupatikani kitandani." Wanawake wakaguna kukubali, na mimi mwoga nikaguna nao. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sisi tulikuwa tunaongeza mwendo huku ukingo tunauona.

Ndipo baba akaja.

Mzee Amoni hawezi kufika sehemu aliyopo mkamwana wake bila kutangaza. Ana kikohozi chake maalumu, kikubwa, anakitoa akiwa mbali njiani ili Atupele apate muda wa kujificha. Siku hiyo alikuja kuniita mimi, ng'ombe wake alikuwa anazaa kwa shida. Akakohoa. Tukasikia wote. Akakohoa tena akiwa karibu na mlango, akasimama pembeni, kageuza uso kwa adabu, akisubiri njia iwe wazi. Mimi nilidhani Atupele ameshatoka. Nilipoinua macho, alikuwa amesimama mbele ya baba na kreti mikononi, anamtazama usoni kama anavyomtazama kibarua yeyote.

"Ugonile, gwe," alimwambia. Yaani alimsalimia kama anayemsalimia kijana wa rika lake. "Usisimame tu hapo. Peleka hili kwenye mizani, na usiburute miguu."

Baba akalipokea. Nafikiri mikono ilitii kabla kichwa hakijaelewa. Alilibeba lile kreti katikati ya banda, kofia kichwani, akaliweka kwenye mizani taratibu, akageuka na kutoka. Parachichi lilimtoka Sauda mkononi likaviringika chini ya meza.

"Lingine," alisema Atupele, akichukua kreti jipya.

"Wifi," nilimwambia. "Unajua umemtwika nani?"

Alitazama mlangoni. Mgongo wa baba ulikuwa bado unaonekana njiani, na ile kofia ya Jumapili anayovaa hata Jumatatu. Nikaona akili inamrudia kidogo kidogo, na kila ilivyorudi, uso ulikuwa unakwisha rangi. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni katikati ya matunda na kufunika uso kwa kanga, na mimi, niliyekuwa namcheka wiki nzima, nilimwonea huruma.

Kosa kama hilo lina faini, na wifi ndiye mpatanishi. Jioni ile ile, ndama akiwa ameshazaliwa salama, nilisimama kwenye kona ya jiko. Baba alikuwa amekaa barazani upande mmoja wa ukuta. Upande wa pili Atupele alikuwa amepiga magoti na jogoo mkubwa kwapani, na mbuzi alikuwa amefungwa tayari kwenye mgomba. Wanasikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipaswa kupitia kwangu.

"Prisca," alisema baba, ambaye ulimi wake wa Kinyakyusa hugeuza kila "z" kuwa "s". "Mwulise huyo mtu, alinisalimia kwa neno gani."

Niligeukia ukuta. "Baba anauliza ulimsalimia kwa neno gani."

"Ugonile," ilitoka sauti ndogo.

"Anasema ugonile."

"Nimesikia, mimi si kisiwi. Mwambie neno hilo ni swali. Tunalisema kila siku na hakuna anayengoja jibu. Umelala? Basi mimi najibu. Nimelala, ndaga fijo, asante sana. Nililala mapema na kuku, nikaamka na kuku. Sasa na mimi namwulisa, yeye amelala?"

Sikupeleka swali. Halikuhitaji kupelekwa. Nyuma ya ukuta Atupele alianza kulia, na jogoo naye akaanza kupiga kelele kwapani.

"Mwambie akae na jogoo wake," baba aliendelea. Hasira alikuwa nayo, msidhani alikuwa mtakatifu. "Mimi ni mtu msima. Siwesi kubebeshwa makreti ya makatapera, haya maparachichi yenu, kila wiki kwa sababu kuna mtu amefumbua macho na haoni. Faini yangu ni usingisi. Jua likisama, atoke kule bandani. Asirudi mpaka watoto wawe wameenda shule. Hivyo mpaka lori lao liondoke."

"Baba, pokea mbuzi," nilimsihi. "Lori linakuja Alhamisi. Mzigo huu ukishindwa tumekwisha."

"Faini ya mkwe haina bei ya kupungusa, gwe mwana. Unalijua hilo."

Nililijua. Atupele naye alilijua, akaitikia kwamba amekubali. Kesho yake jua likazama, na yeye bado yuko mezani.

"Makreti mawili tu," alisema.

Tukasikia kikohozi.

Safari hii baba hakusimama pembeni. Alikuja na kigoda chake na redio yake, akakiweka kigoda katikati ya mlango, akakaa ametupa mgongo, na kufungulia matangazo ya vifo kwa sauti ya juu. Mlango ule ndio tuliokuwa tukiutumia kwa kila kitu. Kupita kando ya baba mkwe kwa kugusana mabega, hilo hata mwendawazimu wa kwetu hafanyi. Kubaki naye chini ya paa moja ni vibaya zaidi. Atupele alizunguka kama kuku aliyeingia kanisani. Mwishowe akakumbuka mlango wa nyuma ambao hatujawahi kuufungua tangu banda lijengwe, tumeuzibia na makreti matupu mpaka juu. Aliyarusha yale makreti huku na huku, akang'oa komeo, akausukuma mlango kwa kiuno na kutokomea kwenye migomba akiwa na kiatu kimoja.

Tulicheka mpaka tukashikana mikono ili tusianguke. Baba hakugeuka. Aliongeza sauti ya redio.

Sauda peke yake hakucheka. "Huyu mzee anatuua," alisema. "Bila mama Lusungu nani apige mhuri? Mnacheka na mkataba unakwenda."

Maneno yake yalinikata kicheko, kwa sababu yalikuwa kweli. Hatukuwa na la kufanya. Tukazima taa na kwenda nyumbani.

Alfajiri Atupele alijaribu kumuwahi. Akamkuta mlangoni, kigoda kile kile, safari hii na chupa ya chai. Alisimama kwenye migomba akimlaani kimyakimya kwa lugha zote mbili, kisha akarudi kulala. Lusungu aliniambia baadaye kwamba mama yake alikoroma mpaka paka akahama chumba. Baba alikaa mlangoni zamu zote, jioni na asubuhi, na mtu aliyemwomba aondoke aliulizwa kama na yeye anataka faini.

Asubuhi ya pili, watoto wameshakwenda shule, tulisikia kikohozi kingine njiani, chembamba. Atupele ndiye aliyekuwa anakohoa. Baba akabeba kigoda, akachukua redio, akaondoka kwa njia ya juu bila kuangalia nyuma.

Atupele aliingia, akasimama. Milango yote miwili ilikuwa wazi, mwanga wa asubuhi unapita banda zima, na ukungu unaingia huku na kutokea kule. Alitazama mlango wa mbele, akatazama ule wa nyuma, mikono kiunoni. Nikaogopa kwamba mambo yameharibika zaidi.

"Wifi," alisema. "Makreti yaliyopangwa yanakaa wapi?"

"Pale, karibu na mlango."

"Na yanayotoka shamba?"

"Pale pale, karibu na mlango," nilisema, na nikajisikia mjinga.

Alichana magamba makavu ya mgomba, akafunga kamba kwenye mshikio wa kila kreti tulilokwisha kulipanga, kisha akatuambia tufanye kazi kama kawaida, naye akakaa pembeni anatazama tu. Mtu aliyekuwa hawezi kukaa! Hata chai haijachemka, kreti lenye kamba likarudi mezani. Baada ya hapo likarudi jingine, na aliyelibeba, akilalamika kwamba kazi haiishi, alikuwa Sauda.

"Sauda, mamangu," alisema Atupele kwa upole. "Hilo lina kamba."

Sauda alitazama kamba. Akatazama meza. Akakaa juu ya lile kreti.

Mambo yote yakawa wazi, na aibu yetu pia. Tulikuwa tunapanga kilichopangwa. Kila ilipofika jioni na vichwa vikawa vizito, mtu alichukua kreti lililokuwa karibu, na lililokuwa karibu lilikuwa limeshapita mikononi mwetu, mengine mara tatu. Kila mara tunda liliposhikwa tena, kikonyo kililegea, na ngozi ikapata jeraha jingine. Tuliongeza saa ili tuyakague zaidi, na kule kuyakagua zaidi ndiko kulikoyaharibu. Zile saa za usiku tulizojisifia hazikuwa kazi. Tulikuwa tunayachubua maparachichi yetu wenyewe kwa bidii kubwa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na akili iliyobaki ya kuliona hilo, ingawa lilikuwa limetukodolea macho.

"Yaingie huku," alisema Atupele, akionyesha mlango wa mbele. "Yapite mezani mara moja. Yatokee kule." Akaonyesha ule mlango aliokuwa ameukimbilia na kiatu kimoja. "Kilichotoka kule hakirudi humu, hata kama malaika anakiomba."

Ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Siku hiyo jua lilikuwa bado lina nguvu tulipomaliza kazi iliyokuwa ikitufikisha kwenye taa za sola. Baba alikuja na kigoda chake akakuta banda limefungwa. Nasikia alikaa palepale peke yake akasikiliza redio mpaka matangazo yakaisha, kwa sababu faini ni faini.

Alhamisi baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda mazishini Isongole, na nasema hili ili mtu asije akadhani yaliyofuata aliyasababisha yeye. Mlangoni hapakuwa na kigoda.

Mkaguzi wa kampuni alikuwa binti mmoja anaitwa Lilian, buti miguuni na kisu kidogo kiunoni, na usoni hana mzaha. Alifungua makreti aliyojichagulia mwenyewe, mengi ya chini kabisa. Alipima, alikata, alinusa, alibonyeza kikonyo kimoja kimoja kwa kidole gumba. Atupele alisimama kando yake amekunja mikono. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Rundo la yaliyokataliwa lilipokuwa limekamilika, lingeenea kwenye kapu moja tu la sokoni.

"Mama, mmefanyaje?" Lilian aliuliza. "Huu si mzigo wa watu wale wale."

"Ni wale wale," alisema Atupele. "Wamelala tu."

Lilian alidhani ni utani, akacheka, akapiga simu kwa mkubwa wake. Alirudi anatabasamu na karatasi za mkataba mkononi. Mkataba tumepata, alisema, na zaidi ya tulivyoomba: malori mawili kwa wiki badala ya moja, msimu mzima. Vigelegele vilikuwa vimeshafika mdomoni. "Kuna kitu kimoja tu," aliendelea. "Lori litakuwa linapakia alfajiri. Itabidi banda lifanye kazi usiku kucha. Vikundi vingine ndivyo vinavyofanya. Hapa weka sahihi, mama."

Kalamu ilikuwa juu ya meza. Nilifikiria wanawake waliong'oa migomba ya mama zao. Niliwaza pikapu za madalali. Mtu yeyote angeweka sahihi, na mimi ningeweka, nawaambieni ukweli. Wote tulimtazama Atupele, na yeye alimtazama Sauda, bingwa wetu wa saa za ziada, kama anayesubiri kusukumwa. Sauda alifunga mdomo. Sijawahi kumwona amefunga mdomo.

"Usiku hatupakii," alisema Atupele.

"Mama, hujanielewa. Ni malori mawili."

"Nimekuelewa, mwanangu. Sikiliza na wewe. Ule mzigo mlioturudishia, tuliupanga usiku. Huu unaousifia tumeupanga mchana, watu wamelala na akili zao wanazo. Banda hili linafungwa jua likizama. Mwambie mkubwa wako achague anataka upi."

Lilian alitutazama mmoja mmoja, akachukua karatasi zake na kutoka nje na simu. Tulimwona anatembea huku na huku kando ya lori, anasikiliza kuliko anavyosema. Hakuna aliyemwambia Atupele neno la lawama. Sauda aliondoka upande wake wa meza, akaja kusimama bega kwa bega na yeye, akajifunga kanga upya kiunoni kama mtu aliyejiandaa kupigana na kampuni nzima.

Lilian alirudi. Aliweka karatasi mezani, akachukua kalamu yeye mwenyewe, akakata mstari mmoja na kuandika juu yake.

"Malori yatakuja mchana," alisema. "Yote mawili."

Nilichosikia baada ya hapo sina hakika kilitoka kwangu au kwa wengine. Vigelegele vilipanda mpaka watu wa upande wa pili wa bonde wakatoka nje kuuliza nani kaolewa. Sauda alimbeba Atupele juu juu kama mtoto, akamzungusha, akampitisha mlango wa mbele na kumtolea mlango wa nyuma, na wanawake wakawafuata kwa msururu wakiimba, wakaingia tena na kutoka tena, na Lilian na buti zake katikati. Nililia. Sioni haya kusema. Tulikuwa tumeshinda, na tulikuwa na akili timamu ya kujua kwamba tumeshinda.

Kuna waliotaka tubaki tusherehekee, na kuna waliosema kwa furaha ile tungeweza kuanza mzigo mwingine hapo hapo. Atupele aliweka sahihi, akapiga mhuri, akamshukuru dereva. Halafu akatutoa wote nje na kufunga kwa kufuli milango yote miwili. Hakuna aliyekuwa amemlazimisha. Jua lilikuwa bado liko juu ya migomba, na tulipanda njia ya nyumbani tukiimba, kila mtu na akili zake kichwani.